Mji Umeanguka, Picha Ni Nzuri: Huo Ni Uongo?



Leo tuongee kuhusu picha. Siyo hizi za simu, bali za zamani: zile za Kijapani zinazochapwa kwa mbao, zenye mito, madaraja, mvua na miji yenye mapaa ya kijivu. Nina hakika umeshaziona hata kama hujui zinaitwaje. Lile wimbi kubwa la bluu lenye povu kama makucha, ambalo watu wanalivaa kwenye fulana na kulinywea chai kwenye vikombe, ni la ukoo huo huo. Lilichorwa na mzee Hokusai mwanzoni mwa miaka ya 1830. Lakini leo simtaki Hokusai. Namtaka mwenzake, Utagawa Hiroshige, kwa sababu ya swali moja ambalo limenisumbua tangu nianze kuzifuatilia picha zake. Naliweka mezani mapema ili usidhani nakupeleka darasa la sanaa: mji ukiwa umeanguka, watu wamekufa, halafu mtu akauchora mzuri, je, amesema uongo?

Unaweza kuona hilo ni swali la watu wasio na kazi. Subiri kidogo.

Hiroshige alizaliwa mwaka 1797 katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Baba yake alikuwa ofisa mdogo wa zimamoto, katika kikosi kilicholinda ngome ya mtawala, na nafasi hiyo ilirithiwa ndani ya familia. Mwaka 1809 mama yake akafariki, na kabla mwaka haujaisha baba naye akafuata. Kijana wa miaka kumi na miwili hivi akabaki yatima mwenye cheo cha zimamoto. Hebu fikiria: umri wa kubeba daftari za shule, wewe umekabidhiwa kupambana na moto. Na moto wa Edo haukuwa mchezo. Mji mzima ulikuwa wa mbao na karatasi, nyumba zimebanana, upepo mkavu wa majira ya baridi ukianza kuvuma cheche moja ilitosha. Wenyeji walikuwa na utani wa kuuita moto ua la Edo, kwa jinsi ulivyochanua mara kwa mara. Katika mji huo mtoto yule alijifunza mambo mawili kwa pamoja, kuzima moto na kuchora. Baadaye ile kazi ya kwanza akawaachia ndugu zake, akabaki na ya pili.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Tarehe 11 Novemba 1855, watu wengi wakiwa wameshalala, ardhi ilitetemeka chini ya Edo. Nyumba zikaanguka, taa na mafiga yakapinduka, moto ukazuka sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 7,000 na 10,000.

Na mwaka uliofuata, 1856, Hiroshige akaanza kutoa mfululizo wa picha alizoziita mandhari mia moja mashuhuri za Edo. Aliendelea nao hadi alipofariki mwaka 1858, wakati kipindupindu kimeukumba mji, na picha zikawa zimepita mia. Unazipitia moja baada ya nyingine: maua ya plamu, boti, fataki juu ya mto, theluji, wanawake wenye miavuli. Unatafuta magofu. Unatafuta mtu analia. Hakuna.

Ile ambayo mimi huiangalia zaidi ni ya hekalu la Kibudha la Asakusa. Mbele kabisa inaning'inia taa kubwa nyekundu ya karatasi, imekatwa na ukingo wa picha kama vile umesimama chini yake mlangoni. Kule mbele theluji, lango jekundu, na kulia mnara wa ghorofa tano. Ncha ya mnara ule ilipinda kwenye tetemeko, ikaja kunyooshwa mwaka 1856. Kwenye picha, iliyotoka mwaka huo huo, imesimama wima. Wapo wataalamu wanaoisoma picha nzima kama tangazo la furaha: jamani, ncha yetu imenyooka!

Niliituma picha hiyo kwenye kundi letu la vijana wa parokia, na maelezo mafupi ya tetemeko. Dada mmoja akajibu kwa sentensi mbili. "Nzuri kaka. Maiti ziko wapi?"

Huyo dada nyumba yao iliungua miaka miwili iliyopita. Jumapili tulipotoka Misa akanieleza vizuri. Asubuhi baada ya moto wao, wakiwa wanafukua sufuria kwenye majivu, alikuja jirani na simu. Jua lilikuwa linachomoza nyuma ya kuta zilizobaki, moshi unapanda taratibu, kwa kweli palikuwa na sura ya kupendeza. Jirani akamwambia: "Dada, samahani, sogea kidogo, mwanga umekaa vizuri." Akasogea. Picha ikapigwa, ikapostiwa, ikapendwa na watu wengi. "Mpaka leo nikiiona," akaniambia, "naona ni picha nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi."

Nikamwambia kwamba Hiroshige alikuwa mtu wa zimamoto. Akanyamaza kidogo. "Basi huyo afadhali," akasema. "Alibeba maji kwanza."

Jibu tamu. Nilitamani kuishia hapo, lakini siwezi kulikubali lote. Kwanza, mwaka 1855 Hiroshige alikuwa ameshaiacha kazi hiyo miaka mingi. Pili, ukweli wa neno hautokani na wasifu wa msemaji. Zimamoto naye anaweza kudanganya, na mtu ambaye hajawahi kugusa ndoo anaweza kusema kweli. Kwa hiyo lazima tuiulize picha yenyewe.

Tunafundishwa katika amri ya nane kwamba uongo hauishii kwenye kusema kisicho kweli. Unahitaji pia nia ya kumpotosha mwenzako. Mchezaji wa igizo akisema yeye ni Herode, hakuna anayekimbilia kitubio. Sasa niambie, Hiroshige alimpotosha nani? Waliozinunua karatasi hizi kwanza ni watu wa Edo wenyewe, wapiga debe, mafundi, wauza samaki, maana picha moja haikugharimu zaidi ya bakuli moja au mawili ya tambi. Hao walikuwa wanaishi katikati ya majukwaa ya ujenzi. Walijua ni jirani gani hayupo. Huwezi kumdanganya mtu kuhusu nyumba yake mwenyewe. (Wageni kutoka mikoani, waliozipeleka nyumbani kama zawadi, hao ni habari nyingine. Inawezekana kabisa kuna bibi huko kijijini aliyedhani Edo imepona siku nyingi.)

Kwa hiyo shtaka la uongo naliondoa. Lakini dada yetu hakusema "uongo." Aliuliza maiti ziko wapi, na hilo ni shtaka jingine, zito zaidi: kuacha. Hata katika sala ya kutubu tunakiri pia tuliyoyaacha, siyo tuliyoyatenda tu.

Na hapa inabidi nieleze kidogo picha hizi zinavyotengenezwa, kwa sababu jambo linageuka kabisa ukilijua. Mchoraji anachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Karatasi inabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, na mchongaji anakata. Anakata nini? Kila kitu ambacho siyo mstari. Mstari ndio unaoachwa umesimama, mengine yote yanaondoka kama vumbi la mbao. Kisha kila rangi inachongewa ubao wake, mchapaji anapaka rangi, anaweka karatasi, anaisugua kwa kisahani bapa kilichofunikwa ganda la mwanzi. Anga linalofifia kutoka bluu nzito hadi nyeupe limefanywa kwa mkono, kwa kuifuta rangi ubaoni kabla ya kuchapa, karatasi baada ya karatasi. Mchapishaji ndiye anayelipia na kuuza. Kazi hizi zote nne tunaziita kwa jina la mtu mmoja, na majina ya wengi wa waliochonga na kuchapa hayajulikani. Hilo lingefaa makala yake peke yake, tuliache.

Ninachotaka uone ni hiki. Kwenye picha ya simu, kitu kinaweza kuingia kwa bahati: mbwa anapita, mtu anapiga chafya. Kwenye ubao hakuna bahati. Kilichopo kimeachwa kwa makusudi, na kisichokuwepo kimekatwa kwa makusudi au hakikuchorwa tangu mwanzo. Hiroshige hawezi kujitetea kwamba hakuona.

Chukua ile ya mvua, ya mwaka 1857, daraja la Shin-Ōhashi juu ya mto Sumida. Ndiyo ile ambayo Vincent van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta huko Paris mwaka 1887, kwa hiyo huenda umeiona kupitia kwake. Mvua ya ghafla imeshuka kama nyuzi. Kila uzi ni ukingo mwembamba wa mbao ulioachwa umesimama, kazi ya kumtoa mtu jasho. Watu wanakimbia darajani, wengine wamejibana chini ya mwavuli mmoja, mwingine kajifunika mkeka. Ng'ambo ya mto imefifia hadi kuwa kivuli. Na chini, peke yake mtoni, kuna mtu kwenye shehena ya magogo, anaisukuma kwa upondo. Hana mwavuli, ana kofia na koti la majani tu, na hakimbii. Nimemtazama sana huyo. Magogo katika mji ambao umeanguka miaka miwili kabla! Sidai kwamba Hiroshige alimweka pale awe alama ya ujenzi. Magogo yalipita kwenye mto ule kila siku. Nasema tu kwamba mnunuzi wa Edo, aliyekuwa anadaiwa na fundi seremala, hakuhitaji kuelezwa magogo ni ya nini.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshajenga utetezi wangu vizuri. Halafu nikakutana na paka.

Ni picha ya mwaka 1857 pia. Paka mweupe amekaa kwenye dirisha la ghorofani, amejikunja, anatazama nje kupitia nondo za mbao. Jioni, anga la machungwa, mlima Fuji kwa mbali, ndege wanarudi kulala. Kule mashambani, wadogo kama siafu, msururu wa watu wanatoka kwenye sikukuu. Dirishani kuna taulo na bakuli, sakafuni kuna pini mpya za nywele, na pembeni kabisa unaona ukingo wa pazia la kukunja. Amani tupu. Ungeiweka kwenye kadi ya Noeli.

Chumba hicho ni cha nyumba ya ukahaba ya Yoshiwara. Mtaa huo ulizungukwa na mfereji wa maji, na lango kuu lilikuwa moja. Mabinti wengi waliokuwa ndani waliuzwa na familia zao maskini wakiwa wadogo, wakawa wanalipa deni lisilokwisha. Siku ya sikukuu ile, wateja walifurika kuliko siku nyingi za mwaka. Na usiku wa tetemeko la 1855 Yoshiwara iliungua, na wanawake wengi wakafa ndani yake.

Kwa hiyo paka anatazama nje. Aliyevua pini yuko wapi? Nyuma ya pazia, na hayuko peke yake.

Nilikaa na picha hii siku kadhaa, na nitakuambia ninavyoiona sasa, ingawa sijatulia nayo mpaka leo. Kuna kuacha kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya yule jirani. Kosa lake halikuwa kupenda mwanga wa asubuhi. Mwanga ni wa Mungu, hauna kosa. Kosa lilikuwa kwenye maneno "sogea kidogo." Ili picha yake ipendeze, ilimlazimu mwenye msiba atoke. Picha iliwezekana kwa sababu dada hayumo. Namna ya pili ni pale mtu anapoacha kuchora maumivu, lakini anakuachia mlango wa kuyafikia. Pini ziko sakafuni. Taulo ipo. Nondo zipo, na ni hizo hizo zinazomzuia paka na zingemzuia binti. Hiroshige hakumwonyesha, lakini hakumfuta. Ukitaka kufurahia paka, umeruhusiwa. Ukiuliza chumba ni cha nani, picha haikufukuzi.

Je, hiyo inatosha? Kwa yule binti, sidhani. Hakupata hata senti ya picha ile, na wapo wanaume walioinunua wakacheka na kukumbuka walivyostarehe. Uzuri wa picha haukufungua lango la Yoshiwara. Nisingependa mtu anisome hapa akaelewa kwamba kudokeza maumivu kisanii ni sawa na kumsaidia mwenye maumivu. Si sawa hata kidogo. Ninachosema ni kidogo zaidi: kwamba picha nzuri inaanza kuwa dhambi pale inapomwambia mtu asogee.

Iko nyingine inayonisaidia kuamini kwamba Hiroshige alijua alichokuwa anakifanya. Tai mkubwa ametanda juu ya picha nzima, mabawa wazi, macho chini. Chini yake ni bwawa la Susaki, pwani ya Edo, wakati wa baridi, theluji imeshika kila mahali, hakuna nyumba. Majini kinaelea kitu kimoja tu, pipa la mbao. Mwaka 1791 bahari ilipanda sehemu ile ikazoa nyumba na watu, na baada yake serikali ikakataza watu kukaa pale, ikasimamisha mawe ya kumbukumbu. Wenyeji walijua. Kwa hiyo tai anatazama mahali palipokuwa na watu, na pipa linaelea. Ukiiangalia haraka, ni picha ya ndege.

Kwa haki, niseme pia kwamba Edo haikukosa picha za kusema wazi. Wiki chache tu baada ya tetemeko, mitaa ilijaa karatasi zilizochapwa bila idhini, za kambare. Watu waliamini, au walipenda kusimulia, kwamba chini ya ardhi yupo kambare mkubwa anayebanwa kwa jiwe na mungu wa Kashima, na akiponyoka ardhi inatikisika. Kwenye karatasi hizo utaona watu wakimpiga kambare kwa hasira, na pembeni maseremala, wapiga lipu na wauza mbao wakimwomba wenzao wamwachie, maana kwao tetemeko lilileta kazi. Nyingine zinaonyesha matajiri wakilazimishwa kutapika sarafu. Ukali, utani, kilio, vyote mahali pamoja. Baada ya miezi kama miwili serikali ikazipiga marufuku.

Zamani ningesema kambare ndiye mkweli na Hiroshige ni mpambaji. Sasa naona mji ulizihitaji zote mbili. Sisi tuna Kitabu cha Zaburi, na tukikisali kwa uaminifu, siyo kuchaguachagua, tunakutana na mtu anayemlalamikia Mungu hadi karibu tuone aibu, na ukurasa unaofuata anasifu mito na milima kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna aliyewahi kusema zaburi ya sifa imeidanganya zaburi ya kilio. Zimefungwa kwenye jalada moja. Tatizo letu vijana, nadhani, ni kwamba tumegawanyika: kuna wanaoposti uzuri tu mpaka mwenzao aliyefiwa anajiona amechafua mazingira, na kuna wanaoona kila anayecheka ni mnafiki. Wa kundi la pili hujiona watakatifu zaidi. Sina hakika.

Kwa hiyo nimalizie na mtu mwingine, ili tusibaki na tetemeko moja. Kawase Hasui alizaliwa Tokyo mwaka 1883, akafanya kazi na mchapishaji Watanabe Shōzaburō, aliyeifufua sanaa hii ilipokuwa inakufa. Tarehe 1 Septemba 1923, karibu na saa sita mchana, watu wakiwa wanapika, tetemeko kubwa likapiga Tokyo na Yokohama. Moto tena. Safari hii waliokufa walizidi 100,000. Hasui alipoteza nyumba na vitabu vyake vya michoro, yaani kazi ya miaka yote. Watanabe akapoteza duka, mbao zilizochongwa na picha zilizokuwa akibani. Wangeweza kuacha. Badala yake Hasui akafunga safari ndefu ya kuchora mikoani, na aliporudi akaanza mfululizo wa mandhari ishirini za Tokyo. Maarufu zaidi ni ile ya mwaka 1925: hekalu la Zōjō-ji, lango jekundu, theluji inayopeperushwa na upepo, mwanamke ameinamisha mwavuli anapita. Magofu hayamo. Unaona ni mchezo ule ule.

Katika mfululizo huo, mwaka 1926, Hasui alichora Shin-Ōhashi. Ndiyo, daraja lile la mvua la Hiroshige, ila wakati huo halikuwa la mbao tena; lilijengwa upya kwa chuma mwaka 1912. Mwaka 1923, watu wa kando ya mto Sumida walipokimbia moto wakiwa na magodoro, masanduku na mafurushi, madaraja mengine yaliwaka, na mafurushi yenyewe yalishika moto vichwani mwa watu. Shin-Ōhashi haikuungua. Inasimuliwa kwamba askari waliokuwa pale waliwaamuru watu watupe mizigo yote kabla moto haujaifikia, na watu wakatupa: kila walichookoa, kila kilichobaki. Maelfu wakapona juu ya daraja hilo, na wenyeji wakaanza kuliita daraja la kuokoa watu. Kipande chake kimehifadhiwa mpaka leo kwenye makumbusho ya Meiji Mura.

Hasui hakuandika lolote kati ya hayo kwenye picha. Ni usiku. Mvua inanyesha kwa mistari ile ile ya miaka sabini iliyopita. Vyuma vya daraja vimepanda juu vyeusi, taa imewaka, na mtu mmoja anavuta kigari cha abiria akiwa ameinama. Njia imelowa, inang'aa, taa inajiona ndani yake. Hakuna furushi hata moja.